Jirani anataka kumfundisha mwanangu kuwinda, nami naogopa bunduki

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu, leo nimeona na mimi nikuandikie, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Tunaishi Marekani, huu ni mwaka wa saba. Mji wetu ni mdogo, umezungukwa na mashamba ya mahindi na misitu. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, anaweza kumaliza wiki tatu barabarani hajatia mguu nyumbani. Tuna watoto watatu. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 13, na ndiye ninayekuandikia habari zake.

Jirani yetu ni mzee, seremala mstaafu. Tangu tulipohamia hapa ametutendea wema mwingi. Ndiye aliyetuonyesha namna ya kuzuia mabomba ya maji yasigande wakati wa baridi, na ndiye aliyemfundisha mwanangu kupiga randa. Majuzi aligonga mlango, akavua kofia, akaniomba ruhusa ya kumpeleka kijana kuwinda kulungu msimu huu, katika siku ambazo jimbo letu limewatengea watoto. Alisema kijana atapitia kozi ya usalama kwanza, na kwamba yeye mwenyewe atakaa ubavuni pake muda wote. Nikamjibu kwamba nitafikiri.

Mjomba, mimi nilikimbia vita nikiwa na miaka tisa. Kaka yangu alipigwa risasi. Utoto wangu uliobaki niliumalizia kambini kwa wakimbizi. Hadi leo upepo ukibamiza mlango najikuta nimeshainama kabla sijajua nimefanya nini. Niliapa kwamba mwanangu hatashika bunduki maisha yake yote. Sasa yeye ananiambia, "Mama, wenzangu wote shuleni wanaenda na baba zao." Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa baba yake hana nafasi, na mimi nisingejua hata pa kuanzia.

Mume wangu kwenye simu anasema nimwache mtoto akaone dunia. Dada yangu anasema nimshukuru mzee na nifunge mlango. Mimi ninaogopa ajali. Ninaogopa mtoto akizoea kuua mnyama moyo wake utakuwa mgumu. Na kuna hofu nyingine ambayo siwezi hata kumwambia mzee: mwanangu ni mweusi, ni mrefu kuliko umri wake, na watu wa mashamba ya huku hawamjui. Akionekana porini na bunduki itakuwaje?

Nifanye nini bila kumvunjia heshima mzee wa watu?

Mama Asiyelala

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaiweka kando mpaka asubuhi. Pole sana kwa kaka yako. Sitakuambia usahau kiapo chako, wala sitasema bunduki ya mwindaji ni kitu kingine kabisa na ile iliyokuondoa kwenu. Chuma ni kile kile. Mwili wako unaoinama mlango unapobamizwa una kumbukumbu yake, na sitashindana nao.

Ushauri wangu, ili usisome barua nzima ukiutafuta: mwache aende, lakini kwa hatua, na wewe ukiwa ndani ya kila hatua. Tena mtazame zaidi mzee kuliko unavyoitazama bunduki.

Miaka 22 nimewinda katika nchi hii, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimekuwa nikichukua vijana. Nimejifunza kwamba mtoto akitoka porini anakuwa amebeba tabia za mtu aliyekaa naye. Mwenye pupa humrudisha mtoto na pupa. Mtulivu, anayeweza kukaa saa nne bila kupata kitu na bado akashukuru kwa asubuhi nzuri, humrudishia mama mtoto aliyejifunza kukaa kimya. Sasa tazama huyu wa kwako alivyoanza: alikuja mlangoni, akavua kofia, akaomba ruhusa ya mama kwanza. Hakumpa kijana ahadi kisha akakuachia wewe kazi ya kusema hapana. Na neno alilosema, kwamba atakaa ubavuni, ndilo neno lenyewe hasa.

Siku hizi za vijana ziko karibu kila jimbo, ila umri na masharti hutofautiana, kwa hiyo soma kijitabu cha jimbo lenu, hutolewa bure kila mwaka. Mfano ninaoupenda ni wa bata. Serikali kuu inaruhusu majimbo kutenga siku za vijana za kuwinda bata, jambo lililoanza mwaka 1996, na sharti lake ni kwamba mtu mzima anayemsindikiza mtoto haruhusiwi kupiga bata siku hiyo. Yuko pale kwa ajili ya mtoto tu. Muulize mzee wako: "Siku hiyo nawe utabeba bunduki yako?" Akisema bunduki itakuwa moja, na muda wote ambao mtoto hajajiandaa kupiga itakuwa mikononi mwake yeye, basi umempata mwalimu. Akisema atabeba na yake, huenda wote wawili wakapata kitu, mwambie kwa upole kwamba hujaridhika.

Kuhusu ajali sitakudanganya: bunduki huua, na porini watu wamekufa kwa makosa ya kipuuzi. Ndiyo maana kukawa na kozi. Jimbo la New York lililazimisha mafunzo haya mwaka 1949, mengine yakafuata, na tangu mafunzo yaenee na wawindaji waanze kuvaa rangi ya machungwa inayowaka, ajali za risasi zimepungua mno. Mwanao atafundishwa kuihesabu kila bunduki kuwa ina risasi hata kama ameitoa mwenyewe dakika moja iliyopita. Atafundishwa kuelekeza mtutu mahali ambapo ikilipuka haitamdhuru mtu, kuweka kidole nje ya kifyatuo mpaka amekwisha kuamua, na kumjua mnyama aliye mbele yake pamoja na kilicho nyuma ya mnyama huyo. Hilo la mwisho watoto hulipuuza. Kulungu akisimama juu ya kilima, nyuma yake kuna mbingu tu, na risasi ya bunduki kubwa inasafiri zaidi ya kilomita moja. Hapigwi. Hata awe na pembe za kushangaza, hapigwi.

Ipo ishara moja unayoweza kuipima wewe mwenyewe ukiwa sebuleni kwa mzee, hata kama hujawahi kugusa silaha. Mwombe akuonyeshe anavyompa mtu bunduki. Mwindaji makini huelekeza mtutu chini au pembeni, hufungua chumba cha risasi, hutazama ndani, kisha huingiza kidole kidogo ahakikishe kwa kugusa, maana alfajiri kuna giza na macho hudanganya. Ndipo akupe, ikiwa bado wazi. Na wewe ukiipokea, atasubiri uitazame kwanza kabla hajaendelea na maneno. Akifanya hivyo bila kuambiwa, kama mtu anayenawa mikono kabla ya kula, tabia hiyo imeshamwingia. Akikupa tu na kusema "haina kitu, usijali", aga urudi nyumbani.

Muulize pia silaha zake hulala wapi. Jibu linalokubalika ni moja tu: ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine, na ufunguo asiujue mtoto yeyote, wa kwako akiwamo. Kijana wa miaka 13 akiwa na hasira au huzuni usiku mmoja hapaswi kujua ufunguo uko wapi, hata awe na adabu ya namna gani.

Jambo moja linasahaulika na huumiza wawindaji wengi: kuanguka kutoka kwenye majukwaa yanayofungwa juu ya miti. Kwa msimu wa kwanza kataa kabisa mtoto asipande. Wakae chini kwenye kificho.

Sasa moyo mgumu. Hapa nina hadithi mbili, na ya kwanza si ya kujisifia.

Zamani, nilipokuwa sijui kitu kuhusu kufundisha, nilimchukua kijana wa rafiki yangu. Jioni ya siku ya pili alitokea kulungu dume, mbali kidogo kuliko tulivyofanyia mazoezi. Kijana alininong'oneza, "Yuko mbali." Nikamwambia piga, utaweza. Nilitaka apate. Nadhani nilitaka mimi nipate kupitia kwake. Akapiga, mnyama akakunja mgongo akakimbia, na tulipofika pale alipokuwa amesimama, damu kwenye majani ilikuwa nyeusi na imechanganyika na uchafu wa tumboni. Damu ya mapafu huwa nyekundu ya kung'aa na ina povu. Hiyo ikaniambia kwamba mnyama ana saa nyingi za mateso mbele yake. Tulirudi asubuhi, tukatafuta kwa magoti mpaka mchana, hatukumwona. Kijana yule hakurudi tena porini, na hakunilaumu, jambo ambalo limeniuma zaidi. Alikuwa amesema ukweli, mtu mzima akaupita ukweli wake. Kama kuna kitu kinachofanya moyo wa mtoto kuwa mgumu, ni hicho: kusukumwa apite pale ambapo dhamiri yake imemwambia asimame.

Hadithi ya pili ni ya binti wa miaka 12. Tulikaa naye asubuhi tatu. Asubuhi ya tatu kulungu jike alikuja hadi hatua thelathini, akasimama ubavu wote wazi, mvuke ukimtoka puani. Binti aliegemeza kitako cha bunduki begani, akamtazama muda mrefu, halafu akaondoa kidole. Mnyama akaondoka. Nikamuuliza kama angependa kuniambia kitu. Akasema, "Leo nilitaka kumwona tu." Nikamwambia hiyo nayo ni siku ya kuwinda iliyokamilika. Mwaka uliofuata alipiga mmoja, mara moja, nyuma tu ya mguu wa mbele, kwenye moyo na mapafu. Mnyama hakufika mbali. Binti alilia, akaweka kiganja juu ya shingo ya mnyama, kisha akakunja mikono ya koti akanisaidia kumpasua na kumtoa matumbo. Nilimwonyesha mapafu. Nikamwonyesha risasi ilipopita. Watoto wengi wa siku hizi nyama wanaijua ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Yeye anajua ilikuwa na macho na pumzi, na sijamwona akibakiza nyama kwenye sahani tangu siku ile.

Kwa hiyo mwambie mzee mbele ya mwanao: kijana akisema hapana, hata kwa kunong'ona, ndiyo mwisho wa mazungumzo. Mwanao asikie kwa masikio yake kwamba ana ruhusa ya kutopiga.

Na muulize mtoto mwenyewe anataka nini hasa. Alichokuambia ni kwamba wenzake wanaenda na baba zao. Mimi hapo sisikii hamu ya bunduki. Nasikia hamu ya mtu mzima atakayemwamsha saa kumi alfajiri, amfunge zipu ya koti, akae naye gizani wakisubiri kuche. Huko porini hutokea mazungumzo ambayo mezani hayatokei, kwa sababu mnatazama mbele wote wawili na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Nimesikia vijana wakieleza mambo ya shuleni, ya kuonewa, ya baba walioondoka, kwa sauti ya chini kabisa, macho yakiwa kwenye miti. Mwambie mumeo ampigie mzee simu. Wanaume hawa wawili wafahamiane, mzee ajue kwamba hachukui nafasi ya mtu, anaisaidia familia. Tena msimu ukiangukia siku ambazo lori limepumzika, baba naye aende akakae nao, hata kama hajui kitu. Mtoto akimwona baba yake naye akifundishwa hatalisahau jambo hilo.

Hofu yako ya tatu, ile usiyoweza kumwambia mzee, mwambie. Keti naye kwenye kibaraza umwambie kama ulivyoniandikia mimi, bila kupunguza neno. Hofu hiyo ina sababu zake za kweli, nami nimeishi nayo. Mtu wa kuibeba pamoja nawe ni yeye, kwa kuwa wenye mashamba wanamjua. Kabla ya msimu ampeleke kijana kwa mwenye ardhi watakayowindia, amtaje kwa jina, washikane mikono, na ruhusa itolewe kwa maandishi. Bunduki isafiri ndani ya ala yake, haina risasi, kwenye gari la mzee, na kutoka garini hadi kwenye kificho aibebe mzee. Kijana asitembee peke yake akiwa nayo, hata kwenda kuchukua kofia iliyosahaulika. Vizibao vya machungwa wavae wote wawili, kwenda na kurudi, hata pale ambapo sheria ya jimbo haiwalazimishi. Na askari wa wanyamapori akija, mzee ndiye atakayezungumza, karatasi zikiwa mfukoni. Baadhi ya kozi zina siku ya vitendo ambapo askari hao hufundisha wenyewe. Mpeleke kijana kwenye hiyo badala ya ile ya kompyuta tupu, ili askari wa eneo lenu wamjue kwa sura akiwa na daftari mkononi.

Jambo la kisheria nisilipite: kama karatasi zenu za uhamiaji zina dosari yoyote au kuna mmoja wenu ambaye hadhi yake haijakaa sawa, ongea na mwanasheria kabla mtu yeyote wa nyumbani hajagusa silaha au risasi. Mtu asiye na kibali halali cha kuwa nchini akikutwa na silaha, au hata risasi peke yake, ni kosa la serikali kuu, na hakuna atakayemuuliza kama alikuwa anawinda tu.

Pengine utajiuliza kwa nini majimbo yanajisumbua hivi kuwavuta watoto. Sehemu ya jibu ni fedha. Tangu sheria ya mwaka 1937, ile inayoitwa Pittman-Robertson, kila anayenunua bunduki ya kuwindia au risasi, ndani ya bei yake kuna kodi ya asilimia 11 inayokwenda kutunza wanyamapori na makazi yao. Leseni nazo huchangia. Wakati huohuo kwa miaka mingi wawindaji wamekuwa wakizeeka na kupungua: hesabu ya serikali ilionyesha milioni 13.7 mwaka 2011, na miaka mitano baadaye milioni 11.5. Misitu anayoipenda hata asiyewinda imelipiwa kwa sehemu kubwa na watu hawa. Mzee wako huenda hajawahi kuziona takwimu hizo, lakini amekuwa akihesabu rafiki zake, anaona wanavyopungua, na mikononi mwake kuna ujuzi ambao hana wa kumwachia. Anapokuomba mtoto, na yeye ana haja.

Basi hatua zenyewe. Mwezi huu waende porini bila silaha yoyote. Mzee amfundishe kusoma kwato kwenye tope, kujua upepo unakotoka ili mnyama asiwanuse, kutofautisha vishindo. Kindi mmoja kwenye majani makavu hupiga kelele kama mtu mzima anayetembea, na kulungu mwenye uzito wa mtu hupita kama kivuli! Kijana akirudi anataka kwenda tena, aingie kozi, na wewe uketi naye darasani, wazazi huruhusiwa. Halafu shabaha, kwenye uwanja wa mazoezi, na bunduki ndogo kabisa isiyopiga teke. Mtoto akianza na bunduki kubwa inamgonga bega, anajifunza kufumba macho kabla ya mlio, na kosa hilo huchukua miaka kumtoka. Kitako nacho kiwe kifupi cha kumfaa. Msimu wa vijana ukifika kabla hajawa tayari, msimu mwingine utakuja.

Uwanja wa shabaha usiende siku ya kwanza kwa sababu yangu au ya mtu yeyote. Ile milio ni mikali na hufuatana, nami najua itakupeleka wapi. Ukitaka kujaribu, kaa garini mbali, vioo vimefungwa, ukiwa na mtu unayemwamini, na uondoke wakati wowote. Mweleze mwanao kwa nini. Ana miaka 13, anaweza kubeba habari za mjomba wake aliyeuawa, na ni vizuri azisikie kutoka kwako kabla hajashika kitu kile, ili akishika ajue uzito wake wote. Akikusikia halafu aseme hataki tena kwenda, usimbembeleze. Akisema bado anataka, utakuwa umempa somo ambalo hakuna kozi inayolitoa.

Ama ile asubuhi ya porini, hiyo nadhani unaiweza. Ni kimya kuliko unavyodhani, na mlio ukitokea huwa ni mmoja, ambao mtu wa pembeni yako atakuwa amekuonya kwa kukugusa mkono. Sheria za kificho hazimkatazi mama. Ukiamua kwenda, mwambie mzee mapema atafute kizibao cha tatu, nawe tafuta soksi nene za sufu, maana baridi huanzia miguuni.

Mjomba